Tafsiri ya Mhina

Mjukuu kaniwekea kwenye simu,
kaiegemeza kwenye kopo la sukari,
kasema, "Bibi, hii ndiyo ile?"
Ndiyo ile.
Ngome ile ile juu ya mlima,
ila leo naona ni kitambaa:
upepo ukikipiga, mlima unatikisika.
Popo ana uzi mgongoni.

Mwaka sitini na nane haikuwa hivyo.
Tulikaa viti vya mbele, vya sumni,
shingo zimepinda kama kuku wa kuchinjwa,
na kila alipofungua kinywa yule bwana wa jeneza
watoto wa Ngamiani tuligeuka,
si kwake, kwa kaka yangu Mhina,
aliyefika darasa la sita
na kwa hiyo alijua Kiingereza.

Bwana akasema neno refu mlangoni.
Mhina akafasiri:
"Anamuuliza mgeni, waja leo, waondoka leo?"
Ukumbi ukavunjika kwa kicheko,
mwenye tochi akatumulika machoni.
Kisha meno.
Nikajifunika kanga ya mama,
nikachungulia kwa tundu lililochomwa na cheche ya pasi.

Kiingereza nilikuja kukijua baadaye,
jikoni mwa watu, kule Raskazone,
miaka kumi na tisa ya leta na ondoa.
Kwa hiyo leo namsikia bwana mwenyewe.
Hasemi waja leo.
Anasema nyumba ina baridi, naye hajala.
Ana adabu, kama wale niliowapikia.
Siogopi. Kapakwa unga, kola imembana.
Mjukuu anacheka, nami nacheka,
chai inaota utando.

Halafu anapita mwanamke.
Sikumkumbuka kabisa.
Aproni, kofia ndogo, taa mkononi.
Bibi mwenye nyumba anamwambia neno moja,
hamtazami,
naye anashuka ngazi za ghala.
Mlango unafungwa.

Nikangoja.
Wakala chakula cha usiku. Wakacheza dansi.
Bwana akamfuata binti mwenye mkufu,
kijiji kizima kikatoka na mienge,
mbwa, farasi, padri na msalaba wake,
wote kwa binti mwenye mkufu.
Na vyombo nani anaosha? nikauliza.
"Bibi, si filamu tu?"

Nikarudisha nyuma kwa kidole, kama alivyonifundisha.
Sekunde tisa. Taa, ngazi, mlango.
Nikarudisha tena.
Ndipo nikaisikia sauti ya Mhina,
ile ya kubalehe, nusu debe nusu filimbi,
korosho bado zimo mdomoni:
"Huyo Mwanamvua. Katumwa mafuta ya taa.
Anarudi sasa hivi."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Usiku ule mwisho hatukuuona.
Mkanda uliungua, doa la kahawia likamla bwana uso,
watu wakapiga miluzi, wakadai sumni zao.
Tukarudi kwa miguu, tukavuka reli,
Mhina akiimba kwa nguvu kuonyesha haogopi,
vidole vyangu vimekufa ganzi mkononi mwake.
Siku hizi amelala Pongwe,
mkonge huku, mkonge huku.

Basi leo nimeuona huo mwisho.
Bwana anakuwa vumbi.
Vijana wawili wanabusiana, tarumbeta zinalia,
majina yanaanza kupanda.
Nikavaa miwani, nikayasoma yote,
hata mshona nguo, hata mwenye farasi.
Yeye hayumo.

Mjukuu kashalala, mdomo wazi.
Nikazima simu. Nikazima taa ya sebuleni.
Ya uani nikaiacha.
Mafuta ya taa hayauzwi tena mtaani kwetu;
labda kaenda mbali.